Kupeleka igizo la majadiliano sokoni: kuanzia vikao vya kutafuta kisa hadi siku ya kurudi

Kikundi cha maigizo kisichotafuta faida huwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ya ukumbini, ambako watu wamelipa kiingilio na wameketi kukutazama. Ya pili ni ya nje: sokoni, ufuoni, uwanja wa shule ya msingi, kando ya kituo cha boda boda. Huko hakuna aliyetoka nyumbani kwa ajili yako. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo ya pili, kwa vikundi vya Kisumu, Vihiga, Kakamega, Busia na hata vile vya Nakuru.

Igizo tunalolizungumzia ni lile linalokatizwa katikati ili watazamaji waliendeleze wenyewe. Mbinu hii ilijengwa na Mbrazili Augusto Boal katika miaka ya 1970, na magharibi mwa Kenya imetumiwa sana katika kampeni za UKIMWI, haki za wanawake na afya ya uzazi. Kikundi kinaporudi mahali pale pale, siku ile ile ya juma, kwa miezi kadhaa, kazi hiyo huitwa igizo la sumaku. Kila hatua iliyoelezwa hapa, hata barua ya polisi, inalenga dakika moja tu: ile ambayo igizo linasimama na mtu wa sokoni anaingia uwanjani. Dakika hiyo tutaiita fundo.

Kutafuta kisa

Mfadhili akisema anataka igizo kuhusu haki za wajane, amekupa mada. Kisa bado hujakipata. Tenga siku mbili kabla ya mazoezi ukae na watu: kikao cha wanawake wanaouza sokoni, kikao cha vijana wa boda boda, kikao cha wazee wa mtaa. Kila kikao kiwe na watu sita hadi wanane. Wakipita kumi, watatu watazungumza na waliobaki wataitikia tu.

Ukiuliza "Mnaonaje kuhusu urithi wa ardhi?" utapewa hotuba. Uliza hivi: "Mara ya mwisho jambo hili lilipotokea hapa, lilianzaje?" Kisha nyamaza uandike. Nani alifika kwanza, ilikuwa saa ngapi, alishika nini mkononi, alitumia maneno gani. Mtu akikuambia shemeji alikuja na daftari la madeni, hilo daftari ndilo igizo lako.

Usiigize kisa cha mtu mmoja jinsi kilivyo. Changanya viwili au vitatu hadi mwenyewe asijitambue, na wahusika waitwe kwa nafasi zao tu: Mjane, Shemeji, Mzee, Mnunuzi. Ukitaja Otieno mahali penye akina Otieno kumi, mmoja wao ataona ametukanwa mbele ya umati. Muulize pia naibu wa chifu kama kuna kesi inayofanana na hiyo mezani kwake wiki hiyo. Kama ipo, ahirisha au badilisha kisa, la sivyo mtaonekana mmetumwa na upande mmoja.

Kufunga fundo

Igizo zima lisizidi dakika 20. Onyesho la mwisho ndilo linalobeba kazi, kwa hiyo tulitazame kwa karibu kwa mfano wa mjane.

Ni wiki sita baada ya mazishi. Mnunuzi yuko pembeni anapima shamba kwa hatua, anahesabu kwa sauti ya chini. Mzee wa ukoo ameketi kwenye stuli ya plastiki. Shemeji ametandaza karatasi ya mauziano juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kando yake ameweka daftari: jeneza, gari la kuleta maiti, ng'ombe wa matanga, bili ya hospitali ambayo haijamalizika. Anazungumza polepole. "Shemeji, huyu alikuwa ndugu yangu kabla hajawa mume wako. Haya madeni tuliyaingia pamoja. Weka kidole hapa, tumalize, watoto warudi shule." Mjane anamgeukia mzee: "Baba, wewe unasemaje?" Mzee anajikuna goti. "Mwanangu, amani ya boma ni kitu kikubwa." Shemeji anafungua kibati cha wino. Kidole cha mjane kimefika juu ya wino lakini hakijaugusa. Filimbi inalia, wote wanaganda.

Shemeji huyu hakuja amelewa wala hapigi kelele. Madeni yake ni ya kweli na kila mtu sokoni anajua mazishi yanavyokula pesa. Ukimfanya shetani, watu watacheka, watamzomea na watarudi kwa biashara zao bila la kujadili. Mzee naye hajahongwa; anaogopa boma kuvunjika. Mwenye kumkandamiza mwenzake lazima awe na sababu ambayo mtazamaji angeweza kuwa nayo mwenyewe.

Mahali pa kukata ni kabla tu ya tendo lisilorudishika. Kidole kikishagusa karatasi, watu watasema "angefanya hivi", yaani wanamlaumu mtu ambaye ameshashindwa. Ukikata mapema zaidi, kabla karatasi haijatandazwa, hawajajua kuna hatari gani. Tofauti ya sekunde tano huharibu majadiliano ya dakika 40, ndiyo maana filimbi inafanyiwa mazoezi kama mstari wowote wa igizo.

Kabla ya siku yenyewe, waite watu watano wasio wa kikundi, kama mama mboga, fundi wa baiskeli na mwalimu, muwaonyeshe. Wote wakikubaliana ndani ya dakika moja juu ya la kufanya, fundo limelegea. Rudini mkalikaze.

Mazoezi ya siku 10 hadi 12, saa tatu kila siku, yanatosha, mradi nusu ya muda huo iwe ya kujiandaa kwa wageni. Kila siku mtu mwingine aingie nafasi ya Mjane: leo mkali, kesho anayelia tu, keshokutwa anayeomba apewe siku mbili afikirie. Mwigizaji wa Shemeji ajifunze ngazi tatu: kukataa, kuyumba, na kukubali kwa masharti. Akishindwa upesi, anaidanganya hadhira kwamba nyumbani itakuwa rahisi. Asiposhindwa kamwe, anawafunga watu midomo.

Lugha iwe ile ya mahali. Bondeni au Kaptembwo, Nakuru, Kiswahili cha mtaani kinabeba igizo lote. Nyalenda na Dunga, Kisumu, maneno ya nyumbani kati ya Mjane na Mzee huingia vizuri zaidi kwa Dholuo, na Kiswahili kikabaki kwa Mnunuzi na kwa mwezeshaji, yaani anayeongoza majadiliano igizo likisimama. Ukienda kwa Waluhya, tafuta mwigizaji wa pale pale. Kibukusu hakipokelewi sawa na Kilogooli, na watu wataanza kusahihisha lafudhi wakati unataka wasikie kisa.

Sheria lazima kikundi kiijue, hata kama haitatajwa kwenye igizo. Kwa mfano huu, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Safari ya kuomba idhini hiyo mahakamani huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi, na mara nyingi vita vya kweli viko hapo, kwenye baraza ya ofisi ya chifu. Mwalike mtu wa msaada wa kisheria wiki mbili mapema; FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, kwa mfano, wana ofisi Kisumu. Aketi katikati ya watu, si kwenye meza ya wageni, na ajibu tu mtu akiuliza.

Ruhusa

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka arifa ya mkutano wa hadhara ifike kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hata kama mnaamini igizo ni shughuli ya utamaduni tu, likifika kwenye majadiliano afisa atakayepita ataliona ni mkutano. Msingoje kubishana naye uwanjani. Andikeni jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na mahali. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri na ikae mfukoni mwa mratibu siku hiyo. Kipaza sauti kinahitaji kibali cha kaunti. Baada ya hapo nendeni kwa mwenye uwanja: msimamizi wa soko, mwalimu mkuu, au ufuoni mwenyekiti wa BMU, yaani kamati ya kusimamia ufuo. Chifu apewe taarifa ana kwa ana, si kwa simu.

Vikundi vikongwe vina sababu ya kuwa waangalifu. Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijenga ukumbi wao wa wazi, na kibali cha igizo lao kikafutwa wiki chache tu baada ya kufunguliwa. Siku hizi Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza na wa kukutana, ila muhuri wa OCS bado unaokoa alasiri nzima.

Uwanja, jua na upepo

Siku kuu ya soko huonekana nzuri kwa sababu ya umati, na ndipo vikundi vingi hukosea. Jumapili pale Kibuye mwuzaji hawezi kuacha mitumba yake kwa saa nzima. Atasikia vipande tu. Chagueni siku ya biashara ya wastani, pembeni mwa soko, mahali ambapo watu hupita wakienda kwa maji, kwa posho mill au kwa stage.

Kisumu jua la saa sita hadi saa nane halivumiliki, na miezi ya Machi hadi Mei mvua ya ziwani hupenda kuja alasiri. Miezi ya ukavu anzeni saa tisa. Miezi ya mvua anzeni saa nne asubuhi. Nakuru inapoa mapema jioni, kwa hiyo saa nane inafaa zaidi.

Alasiri jua liko magharibi, na kwa Kisumu upepo wa ziwa nao hutoka upande huo huo. Mkiwaweka waigizaji magharibi, upepo unabeba sauti zao hadi kwa watu, lakini watazamaji wanapigwa na jua machoni. Mkiwaweka mashariki, macho yanapona na sauti inapotea. Dawa ni mti mkubwa au ukuta upande wa magharibi, waigizaji wakasimama kivulini mwake. Ukuta pia unarudisha sauti mbele. Asiwepo mtu wa kuwazunguka kwa nyuma. Duara kamili humfanya mwigizaji ageuzie watu mgongo wakati wote. Nusu duara kubwa, kama kwato ya farasi, linatosha.

Eneo la kuchezea liwe na upana wa hatua nane, likazungushiwa majivu au kamba chini. Kila baada ya dakika kumi watu husogea mbele nusu hatua bila kujua, na msipokuwa na alama, mwishoni Mjane na Shemeji watakuwa wanaigiza ndani ya kibanda cha simu.

Watoto ni suala la kupangia mapema. Ngoma ikilia, wao ndio wa kwanza kufika, wanajaza mbele yote, na watu wazima wakiona hivyo wanapita wakijua ni mchezo wa watoto. Mtu mmoja wa kikundi awachukue nusu saa kabla, umbali wa mita 50, na michezo yao na hadithi zao. Waliobaki wakae chini kwenye turubai mbele, wakubwa wasimame nyuma yao, safu zisizidi nne. Nyuma ya safu ya nne hakuna anayesikia, na asiyesikia huanza mazungumzo yake.

Ngoma na sauti

Kuita watu ni dakika 20. Kakamega na Vihiga isukuti, ngoma ya Waluhya, inatosha peke yake; Kisumu ohangla, ngoma ya Waluo, au nyatiti, zeze lao. Ngozi za ngoma zianikwe juani kabla, kwa sababu zikilegea kwa unyevu sauti haivuki barabara. Simamisheni ngoma wakati watu bado wanaitaka, na mwigizaji wa kwanza aingie ndani ya dakika moja. Mkichelewa, umati uliokuja kucheza utadai ngoma irudi.

Waigizaji wasishike maikrofoni. Mkono mmoja ukifungwa, mwili mzima hufungwa, na onyesho la wino na kidole haliwezekani. Spika moja ya betri na maikrofoni mbili zinatosha: moja ya mwezeshaji, moja ya watazamaji. Spika ikae mbele ya maikrofoni zote, ikitazama watu. Maikrofoni ikipita mbele yake, ule mlio mkali unatoboa masikio na watoto wanacheka hadi mwisho. Betri ijazwe usiku, na ya akiba iwepo. Anayezungusha maikrofoni ya watazamaji asiiachilie hata kidogo, aishikilie mwenyewe mdomoni mwa msemaji. Ukimpa mtu mkononi, utapata mahubiri au kampeni.

Dakika 40 za mwezeshaji

Filimbi imelia, waigizaji wameganda. Mwezeshaji anaingia na swali moja: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini sasa hivi?" Kisha anahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kimya hiki ndicho kigumu kuliko kazi yote, na wengi hukijaza kwa kujibu swali lao wenyewe. Mwezeshaji akishajibu, somo limeanza na igizo limekwisha.

Anayejitokeza kwanza huwa mwanamume mwenye sauti. Mpe nafasi, lakini usimwachie akae nje akitoa ushauri: "Asante mzee, njoo utuonyeshe." Anaingia mahali pa Mjane, anafunga kanga kiunoni, Shemeji anarudia "Weka kidole hapa", na igizo linaendelea kutoka hapo. Hatua chache kama hizo hufundisha kuliko maelezo. Mzee aliyesema nje "mimi ningekataa tu" hugundua, akiwa na kanga kiunoni na daftari la madeni mbele yake, kwamba kukataa kunahitaji maneno ambayo hana.

Anayebadilishwa ni Mjane peke yake, au mtu aliye upande wake kama Mzee. Shemeji habadilishwi. Mtu akiingia nafasi ya Shemeji na kuwa mwema ghafla, tatizo limeyeyuka bila mtu kulitatua. Vivyo hivyo na suluhisho la kimiujiza: kijana anaingia akisema yeye ni wakili kutoka Nairobi na wote wamekamatwa. Usimkatae mwenyewe. Waulize watu, "Hili linawezekana hapa kwetu?" Watamjibu wao.

Wanawake wengi hawatasimama mbele ya baba mkwe. Sema, "Zungumza na jirani yako dakika mbili," kisha zunguka usikilize, na ulilosikia ulitoe bila kutaja msemaji. Njia nyingine ni mwigizaji wa Mjane kumsogelea mama alipoketi na kumwuliza, "Mama, nifanye nini?" kisha afanye hasa anachoambiwa, mama akiwa pale pale kwenye kiti chake. Pakiwa na ukimya mzito, pangeni kikao kingine cha wanawake peke yao.

Watu watatu au wanne wakishaingia, inatosha. Mwezeshaji arudie kwa kifupi njia zilizojaribiwa, aeleze ipi ilimfanya Shemeji ayumbe, kisha aulize nani atafanya nini kabla ya siku ya kurudi.

Mlevi atakuja. Mmoja wa kikundi, aliyepewa kazi hiyo tangu asubuhi, amsimamie karibu, amsalimu kwa heshima, ampe kazi ya kulinda mstari wa majivu. Mara nyingi anaifanya kwa bidii. Mwanasiasa naye atakuja, hasa msimu wa kampeni. Asalimu baada ya majadiliano, dakika tatu, kamwe si kabla, kwa sababu akizungumza kwanza kila atakayesema baadaye anasemea yeye. Msigawe pesa za kukaa. Mkizigawa mara moja, mara ya pili watu watahesabu noti badala ya kusikiliza. Maji ya kunywa yanatosha.

Kuna jambo ambalo halina mzaha. Katikati ya majadiliano mtu anaweza kusema, "Haya yananitendekea mimi." Mwezeshaji asimhoji mbele ya watu hata kidogo. Amshukuru, asogeze mazungumzo, na wawili wa kikundi waliofunzwa wakae naye kando. Wawe na namba mkononi: 1195 kwa ukatili wa kijinsia na 116 kwa watoto, zote bila malipo, pamoja na jina la kituo cha afya kilicho karibu. Na picha za watoto zisipigwe bila idhini ya wazazi; Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi.

Kumbukumbu na kurudi

Mwandishi wa kumbukumbu haigizi na hapigi ngoma. Katika dakika ya kumi ya igizo ahesabu robo ya nusu duara na kuzidisha kwa nne. Muhimu zaidi kuliko idadi ya waliofika ni idadi ya waliozungumza, wangapi kati yao ni wanawake, ni njia gani zilijaribiwa, na ni ahadi gani zilitolewa. Aandike maneno ya watu jinsi yalivyotoka, kwa lugha yao.

Mrudi kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, saa ile ile, kwa miezi isiyopungua minne. Bajeti ipangwe hivyo tangu mwanzo: nauli na chakula cha watu tisa mara nane, betri, turubai, na malipo ya waigizaji hata kama ni madogo. Kikundi kinachotegemea kujitolea tu hupoteza Shemeji wake bora mwezi wa pili, akipata kibarua. Pesa zipitie akaunti ya kikundi yenye waweka sahihi watatu, na risiti ziandikwe siku hiyo hiyo, kabla ya matatu ya kurudi.

Kila mnaporudi, mwezeshaji aanze kwa kusoma ahadi za mara iliyopita bila majina, aulize kilichotokea, kisha igizo lianze pale liliposimama. Mjane sasa amekwenda kwa chifu, na chifu amemwambia arudi na Shemeji. Siku mtakayoona watu wanajibu kabla filimbi haijalia, kisa hicho kimekwisha pale. Kipelekeni soko jingine, na pale pale mwanze upya vikao vitatu vya wanawake, boda boda na wazee.